Simbilisi Mmoja, Nyumba Nzima

Jumatano, baada ya alasiri. Upepo umevuma tangu asubuhi na mchanga umeingia hadi ndani ya bobini ya cherehani. Nimeshona buibui moja tu, na hata hilo pindo lake limekwenda upande. Nitalifumua kesho.

Nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mkononi, na pembeni yangu liko sanduku la Mgeni, simbilisi wangu. Mgeni hali. Tangu jana hajagusa jani.

Naandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na kwa sababu nikiandika mikono hutulia.

Wale wachache mnaopita hapa kunisoma mnajua kwamba mume wangu, Shee, alifariki mwaka jana. Tulikimbia Kismayo vita vilipoanza, bado vijana, tukakaa Mombasa mpaka nikawa nagombana na wauza samaki wa huko kama mzaliwa. Kisha akaanza wimbo wake wa kurudi. Alitaka kufia kwao. Tukarudi, tukaiezeka nyumba ya baba yake mabati mapya, na kweli akafia kwao. Mimi nikabaki na nyumba nzima, cherehani, na masufuria makubwa ambayo sijui nimpikie nani.

Binti yetu Rukia yuko Ulaya na watoto wake. Yeye ndiye aliyeleta habari ya mnyama. Alisema huko aliko, wazee wanaoishi peke yao hushauriwa wafuge kitu. Nikamwambia mimi si mzee. Akasema sawa, si mzee, lakini uko peke yako.

Tukaanza kuchagua, kila siku kwenye simu, kama watu wanaotafuta mchumba. Mimi nilikuwa na masharti yangu. Nilitaka mnyama asiye na makuu. Asihitaji kutolewa matembezi, asile chakula cha kununuliwa mbali, asiruke ukuta kwenda kwa majirani kunitia aibu. Kila mtu hukimbilia kumtaja paka, na mimi paka nawapenda, lakini manyoya yao yananibana kifua. Nikikaa na paka chumba kimoja napumua kama filimbi. Kuku wangechafua vitambaa vya watu. Mbuzi anao Halimo, jirani yangu Msomali, na kelele zao zinautosha mtaa mzima.

Ndipo tukafika kwa hawa wadogo wanaoguguna. Mjukuu wangu ana hamsta, alinionyesha kwenye simu, kidude cha kujaa kiganja, kinakimbia ndani ya gurudumu bila kufika popote. Nikauliza hulala saa ngapi. Nikaambiwa hulala mchana, usiku ndio hukimbia. Nikasema huyo hapana, usiku mimi nina mawazo yangu na sitaki ya gurudumu. Kindi nilimkataa mwenyewe, kwa kuwa nilipokuwa mdogo mmoja aliniuma na kidole bado kina alama. Panya wa kawaida hata hatukumtaja. Mwisho akabaki simbilisi. Hana mkia, hapandi ukuta, haumi ovyo, anakula majani na maganda ya mboga. Rukia akasema huyo hana kazi mama, na mimi hicho ndicho nilichotaka. Kitu kisicho na kazi.

Simbilisi alitoka Mombasa, kwa jamaa wanaowafuga, akaja kwa boti ya mizigo mapajani mwa mama mmoja anayefanya biashara ya mitandio. Mama yule aliponikabidhi boksi alisema ameshasafiri na watoto wasumbufu kuliko huyu. Mnyama mwenyewe ana rangi mbili, kahawia na nyeupe, na nywele za utosini zimesimama kama za mtu aliyeamka sasa hivi. Nikamwita Mgeni, kwa kuwa mgeni halalamikii chakula.

Halimo alichungulia sandukuni akauliza kwa Kisomali kama nimeanza kufuga jiir, yaani panya. Nikamwambia si panya, ni mbuzi aliyefupishwa. Hakucheka. Akaenda kumuuliza ustadhi wa madrasa, na najua alitaraji nikatazwe, lakini ustadhi alisema mnyama anayekula majani na asiyeharibu mali ya mtu hana ubaya, mradi asiachwe na njaa. Tangu siku hiyo Halimo huniletea majani ya mbuzi wake. Hunipa mlangoni, akiangalia pembeni.

Asiachwe na njaa. Neno hilo la ustadhi leo linanirudia.

Baba yangu alikuwa mtu wa kisiwa cha Kudha, na zamani hizo, kabla uvuvi wa kasa haujapigwa marufuku, alifuga taza. Taza ni samaki mwenye kinyonyo kichwani. Wazee wetu walimfunga kamba mkiani, wakamwachia karibu na kasa, akamganda, wakavuta wote wawili. Taza wa baba alikaa kwenye kidimbwi cha maji ya bahari nyuma ya mawe, na alikuwa na adabu zake. Hukaa mmoja, peke yake. Anayemlisha ni mwenyewe tu, kwa mkono wake. Hapigiwi kelele, na wageni hawamchungulii. Sisi watoto tulifukuzwa hata tukipita na ndoo. Baba alisema mnyama akizoea wengi hawi wa mtu. Na kweli, taza yule akiona kivuli cha baba juu ya maji alikuwa akisogea, na akiona cha mwingine alijificha.

Mimi sikuwahi kuona kufuga kwingine. Kwetu paka hafugwi, huja mwenyewe. Basi Mgeni nilimfuga kwa adabu za taza. Nilimweka chumba cha nyuma, penye kivuli na kimya, sanduku nikalifunika kwa kitambaa. Wateja waliokuja na watoto niliwakatalia kumwona. Halimo alipotaka kumpa jani kwa mkono wake nilimpokonya, kwa adabu lakini nilimpokonya. Nilimlisha mimi, asubuhi na jioni, kisha nikarudi kwenye cherehani nikijiona mfugaji.

Mwanzoni alikuwa akipiga mbinja. Sikujua kama hawa hupiga mbinja. Nikiuchakarisha tu mfuko wa mboga, anaanza huko nyuma, sauti nyembamba, anaita. Ilikuwa imepita muda mrefu bila mtu kuniita ndani ya nyumba hii.

Kisha mbinja zikapungua.

Kisha zikakoma.

Jumapili alikuja wifi yangu Zaituni, dada yake Shee, kutoka kisiwa cha Koyama. Alikuja kutazamwa macho, akalala kwangu.

Niseme kweli juu ya Zaituni. Alikaa nami eda yote, akanipikia, akanisomea, akawatoa kwa maneno matamu wale waliokuja kunipa pole huku wakinusa jikoni. Eda ilipokwisha alisema angependa kubaki. Naye hana mtoto, kule Koyama amepewa chumba nyumbani kwa watu. Nikamwambia tutaona. Mpaka leo namwambia tutaona. Anazungumza tangu alfajiri, kweli, lakini si hilo. Ana kicheko cha Shee. Sisemi wanafanana, ni hicho hicho, kinaanzia puani, kinakatika, kisha kinarudi kikubwa zaidi. Akicheka sebuleni nami niko jikoni, mwiko unanidondoka. Hata kwenye simu, nikihisi anakaribia kucheka, huiondoa simu sikioni nikaiangalia mpaka kimalizike.

Hilo sijamwambia yeye wala Rukia. Nilichagua mnyama asiye na kazi ili nisimchague mtu mwenye kicheko.

Basi Jumapili Zaituni hakuomba ruhusa. Alisikia kuna mnyama, akatandika mkeka chumba cha nyuma, akaondoa kitambaa, akakaa. Nikamwambia huyu anapenda kimya. Akajifanya hakusikia. Akaanza habari ya daktari, habari ya fulani aliyeoa tena, habari ya jino lake, zote akimwambia Mgeni. Mimi nikarudi kushona, nimenuna. Cherehani iliponyamaza nikasikia mbinja. Nikaenda. Mgeni alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika ukingo wa sanduku, majani yote yamekwisha, na Zaituni anamkuna utosini.

Akaniangalia, akasema, "Mnyama huyu hana maradhi. Hana mchu." Mchu, kwa maneno ya kwetu, ni mtu.

Nilijua hasemi habari ya Mgeni peke yake, naye alijua kuwa nimejua. Kisha akacheka kwa jambo alilofanya Mgeni, nami nikaenda jikoni kutazama chai ambayo sikuwa nimeiteleka.

Jumatatu akarudi Koyama. Mlangoni hakuuliza kama abaki. Siku zote huuliza. Ningependa angeuliza, nikamwambia tutaona, nikafunga mlango kama kawaida.

Mgeni nilimfunika tena. Sijui kwa nini. Nadhani kwa ukaidi tu.

Na jana akaacha kula kabisa.

Leo adhuhuri nimempigia Rukia. Akaniuliza ninao wangapi. Nikasema mmoja. Akaniambia polepole, kama vile mimi ndiye mtoto, kwamba hawa hawakai mmoja mmoja, kwamba simbilisi akiachwa peke yake hunywea, huacha kula, na akiacha kula hamalizi siku nyingi. Nikamuuliza mbona hakuniambia tulipokuwa tunachagua. Akasema alidhani najua, nani anafuga kitu kimoja peke yake? Nikasema babu yako. Hakuelewa, wala sikuwa na nguvu ya kumweleza taza.

Atawaambia wale jamaa wa Mombasa wanipe wa pili. Lakini boti haina siku maalumu, na Mgeni amejikunja kwenye pembe ya sanduku, manyoya yamesimama, hata mfuko nikiuchakarisha hageuki. Kumbe asiye na makuu alikuwa na moja, na hilo moja ndilo lililonishinda.

Basi nimemleta huku mbele, karibu na cherehani. Kitambaa nimekikata vipande, nitashonea mifuko ya ndani. Halimo nimemwita aingie, na leo jani amempa yeye. Mgeni alilinusa akaliacha. Halimo akamsomea kidogo, akasema walaal, yaani ndugu yangu, zungumza naye, akaenda kufunga mbuzi wake.

Zungumza naye. Niliufungua mdomo, sauti ikatoka imekwaruza, maana mwenyewe nazungumza siku hizi kwa kupima mabega ya watu na kuwaambia geuka. Nikaanza na pindo lililokwenda upande. Nikamaliza pindo. Sikuwa na jingine. Nikakaa. Kisha sijui ilikuwaje, nikaanza kumwambia Mgeni habari ya kicheko, kinavyoanza, kinavyokatika, na jinsi ninavyoshika simu mbali na mimi kama kitu cha moto. Ni mara ya kwanza nimelisema kwa sauti. Masikio yake yalisogea. Alinyosha shingo, akachukua ncha ya jani, akaitafuna.

Ncha tu. Akaacha.

Naacha hapa kidogo.

Nimerudi. Maghribi imeshaswaliwa. Nimempigia Zaituni.

Nilikuwa nimepanga kumwambia habari ya Mgeni, kwamba anaumwa, kwamba aje siku chache tu. Lakini aliposema haloo nikamwambia aje, kwa maneno ya kwetu, "Wifi, ndoo ukae na mimi." Akauliza mbona leo. Nikamwambia. Nikamwambia lote, mwiko, simu, chai ya Jumapili ambayo haikuwapo. Niliogopa nimemvunja moyo, maana nani anapenda kuambiwa kicheko chake kinamfukuzisha?

Kisha akasema, "Na mimi nikicheka humsikia. Kila siku. Nami sina mchu wa kumwambia."

Mwaka mzima nimejiona ni mimi peke yangu ninayemsikia.

Akasema naya, nakuja, nitapanda boti ya kwanza nitakayoipata, lakini mimi si wa kuwekwa chumba cha nyuma nikafunikwa kitambaa. Nikamwambia hata Mgeni ameshahamishwa, na nikaisogeza simu sandukuni ili amsemeshe. Akamuita kwa jina. Mgeni, yule yule aliyekataa karoti kutwa nzima, akapiga mbinja moja, fupi na ya kukwaruza kama sauti yangu ya mchana.

Sijui kama atapona. Amekula majani mawili tangu hapo, nami nayahesabu kama mtu aliyepoteza akili. Wala sijui kama nitaweza kuishi na sauti ile kila siku, asubuhi mpaka usiku, kwenye nyumba ya baba yao. Huenda mwiko utanidondoka mara nyingi.

Lakini Zaituni alipoisikia ile mbinja alicheka. Kikaanzia puani, kikakatika. Nilijua kinarudi. Nikaichukua simu haraka, nikaibana sikioni, na nikakisikiliza mpaka mwisho.

Kesho, upepo ukitulia, naanika godoro la pili.