Diski ya Meno Sitini

Theodora mwanangu,

Nimekwenda Kigwa kuchukua mbao za mninga. ~~Usiguse msumeno mpaka nirudi.~~ Hapana. Kata wewe.

Asubuhi plaiwudi ilipochanika ukingoni ulisema, "Baba, nimeiharibu," nami nikakuacha uamini hivyo. Baadaye nikatazama mashine: nilikuwa nimeacha diski ya meno ishirini na nne, ya kupasulia mbao, ambayo huchana plaiwudi. Kosa ni langu.

Chomoa waya kwanza, halafu funga ya meno sitini. Bandika selotepu kwenye mstari wa kukatia ili ukingo usichanike, usiharakishe.

Imebaki plaiwudi moja tu, na Mama Esperansi anachukua kabati lake kesho. Nikirudi nitakuta umeshakata, najua.

Ile iliyochanika iwe mlango wa banda. Kuku si wateja wagumu.

Uji uko kwenye chupa.

Baba yako, mharibifu