Dawati Zima

Jumatatu, 8 Oktoba 2007

Vidonge vinne. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena.

Taarifa ya kampuni ya mikopo imefika. Nilipostaafu ualimu niliweka huko kiinua mgongo changu, ili akina mama maskini wa hapa Njoro wakopeshwe. Taarifa inasema wote wamelipa. Wote. Silipendi neno hilo. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini: darasa likipata mia kwa mia, mwalimu hukagua madawati. Namshuku Josfati, afisa wa mikopo.

Jumanne, 9 Oktoba

Chai ya rangi. Rebeka, anayenipikia na kuniuguza, huniletea maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi. Sasa anasema ng'ombe amekauka. Alizaa Agosti! Ananidanganya. Amepata mnunuzi mwingine. Nimefunga kabati la sukari, ufunguo chini ya mto.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimemwita Josfati, nikambana. Akacheka.

"Mzee, mimi hata kuku ya mtu sijawahi kugusa. Mama mmoja akishindwa, wenzake wa kikundi wanaingia kwake, wanabeba. Wasipobeba, watalipa wao. Si ni ile sheria yako?"

Ni yangu. Niliipendekeza kwenye mkutano wa kwanza, nikapigiwa makofi.

Akaniambia pia kuhusu Rebeka. Baridi ilichoma viazi vyake, akashindwa kulipa mkopo. Kikundi kimemchukua ng'ombe wake. Yuko kwa Tabitha, mweka hazina. Jumatatu anapelekwa mnadani.

Pesa ninazo, chini ya godoro. Sikuzitoa. Mbona Josfati aniambie hayo? Labda wamepanga, yeye na Rebeka, kumkamua mgonjwa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimemchunguza Rebeka siku nzima. Amefua shuka. Amenigeuza kitandani. Hajaomba kitu.

Hata kutoomba kwake nimekutilia shaka.

Jumatatu, 15 Oktoba

Asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mbona alinificha.

"Ningesema nini, mwalimu? Si wewe ulitufundisha? Mmoja asipofanya hesabu, dawati zima linachapwa. Mimi nilichapwa mwaka mzima kwa sababu ya huyo huyo Tabitha. Na ulikuwa na mkono mzito, wewe!"

Alicheka. Mimi sikuweza. Kisha akasema Tabitha alimfungua ng'ombe huku analia.

Nikampa pesa. Akakimbia mnadani.

Amerudi saa kumi. Mwenye bucha alikuwa amewahi, ameshamnunua. Amerudi na kamba tu, na pesa zangu zote, zimefungwa kwenye leso. Hakutoa hata nauli.

Jumanne, 16 Oktoba

Lazima niandike haya. Niliamini nimewasaidia maskini. Nilichofanya ni kuwarudisha darasani kwangu na kuwakabidhi kiboko wachapane wenyewe. Tena nilijua tangu Alhamisi. Siku nne nililalia bei ya ng'ombe wa Rebeka nikimwita mwizi moyoni. Hakuna aliyenidanganya ila yeye, na alidanganya ili asiniaibishe.

Nimeandikia kampuni: sheria ile ifutwe, na hisa zangu ziuzwe, Rebeka anunuliwe ng'ombe. Josfati ameichukua barua. Anasema itachukua miezi. Mimi sina miezi.

Jumatano, 17 Oktoba

Mvua kidogo. Chai ilikuwa na maziwa ya paketi. Rebeka ameyanunua mwenyewe, sijui kwa pesa gani. Sikuuliza.

Nimempa ufunguo wa kabati. Ameutundika ukutani, karibu na ile kamba.