Kwaya Ndani ya Kitambaa Cheupe

Matisi, Jumamosi, Agosti 2006

Ati fundi wa redio asiguse picha! Mwenye projekta alinitangazia hivyo mbele ya kwaya nzima pale Misikhu, na kisanduku hiki cha kugeuza rangi za picha kati ya kamera na projekta nimekiunda mwenyewe miezi saba, kwa bodi za deki mbili mbovu za video. Mwalimu wa kwaya naye akanionya, "Kikiharibu wimbo wa kwanza, kwenye tamasha la Bungoma huendi nasi, bana."

Kosa lilikuwa langu. Nililenga kamera jukwaani nikasahau kwaya huingia ikicheza kutoka mlangoni. Wakapita mbele ya kamera, nikaigeuza kuwafuata, nayo ikawa inapiga kitambaa cheupe cha projekta, kinachoonyesha kile kile inachopiga.

Waimbaji ishirini na wanne wakawa na wengine ndani yao, na wengine tena, wadogo zaidi, rangi ya moto. Nilihesabu safu tisa nikashindwa. Nikashika swichi nizime.

"Usiguse!" Mwalimu akapaza sauti.

Basi, Bungoma naenda. Lakini mama mmoja wa kwaya alinishika mkono baadaye, akauliza polepole, "Fundi, wale wa mwisho kabisa ni akina nani?"

Kila waya nimechomelea mwenyewe, lakini nikarudi kukitazama kile kitambaa, sasa cheupe kitupu.