Glavu Jozi Nne na Joho la Marehemu

Jumatatu, 13 Novemba

Ukungu. Na manyunyu ndani ya ukungu — maji kutoka juu, maji kutoka pembeni. Ferrara, mji wetu, imeingia msimu wake.

Nimefika ofisini kwa baiskeli, vidole vimekufa ganzi. Nilishindwa kufungua vifungo vya koti, ikabidi Tiziana wa mapokezi anifungulie kama mtoto wa chekechea. Akasema sisi hapa kazi yetu ni kutoa maji mashambani, kusafisha mifereji na kutunza pampu, halafu mimi naingiza mengine kwa miguu! Wote wakacheka. Mimi pia.

Glavu zangu za ngozi zimekwisha kazi. Zikilowa zinakuwa kama maini mabichi. Lazima nyingine. Nimeamua: mwaka huu nitachagua kwa akili. Miaka hamsini na minne nimekuwa nikichagua kwa kubahatisha, na matokeo ndiyo haya.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimeanza na glavu za kuteleza kwenye theluji. Nene. Joto — joto kweli! Ila breki siihisi hata kidogo. Kwenye mawe mbele ya ngome nilibana breki, au nilidhani nimebana. Kumbe nimebana hewa. Nikamgonga padri. Kidogo tu, kwenye mkoba.

"Unakimbilia wapi, mwanangu?"

"Sikimbilii popote, Padri. Nashindwa kusimama."

Nives, mke wangu, kaziangalia akasema nafanana na mwoka mikate anayetaka kutoa trei kwenye tanuri. Zimeenda kabatini.

Jumapili, 19 Novemba

Mama Iole kaja kula nasi, kama kila Jumapili. Ni mama yake Nives. Anakaribia themanini na bado anapiga pedali kuliko mimi. Alileta cappellacci, zile tambi za kujazwa malenge. Nimekula mpaka nikafungua mkanda.

Baada ya kahawa akatoa kitu kwenye kapu lake. Mifuko ya usukani! Wazee wote wa hapa wanayo: unaivisha baiskeli kwenye mikono ya usukani, unaingiza viganja vitupu, mle ndani unakuta breki, kengele na joto lako. Kila mwaka humshonea mtu mmoja wa familia. Mwaka huu ni zamu yangu. Mikubwa, sufu nyeusi nzito, ndani ngozi ya kondoo. Akashuka mwenyewe uani kuifunga, na vile vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi.

"Mkwe wangu, glavu ni za mtu wa miguu. Mwenye baiskeli anaivalisha baiskeli."

Nilimbusu mashavu yote mawili. Nilimshukuru sana. Nilimshukuru kupita kiasi — Nives akanitupia jicho.

Kwa kweli inatisha. Baiskeli yangu ni nyeusi, ya kike, ya marehemu shangazi, haina tofauti na mia nyingine za mji huu. Sasa inafanana na mbuzi aliyeazima masikio ya mbwa.

Jumanne, 21 Novemba

Ofisini: "Nani kaja na babu yake?" Tiziana akasema msimcheke, humo anaweza kuficha kuku wawili. Nilicheka kuliko wote. Ndiyo tabia yangu, nikichekwa naongeza sauti ili nisionekane ndiye ninayechekwa.

Niandike na hili, kwa haki: mikono ilikuwa na joto kama mkate uliotoka sasa hivi.

Jioni nikapita kwa Learco, fundi baiskeli wa pale kwenye lango la mji. Nikamwambia aivue.

"Niiweke wapi?"

"Popote. Mpe mtu mwenye haja nayo."

Nilisema hivyo kweli? Nilisema. Learco akafuta mikono na kitambaa, taratibu, kama anavyofanya anapotaka kumtaabisha mtu.

"Mama mkwe wako anajua?"

"Anajua nini?"

"Haya. Basi na mimi sijui."

Nikaondoka mwepesi. Nilipofika kwenye kona wepesi ule ulikuwa umeshageuka kitu kingine.

Ijumaa, 24 Novemba

Glavu jozi ya tatu. Za kisasa! Muuzaji, kijana mwembamba kama spoku, alinihubiria: kuna utando katikati, maji hayaingii, jasho linatoka. Nikanunua kwa imani.

Leo mvua tangu asubuhi. Ni kweli, maji hayakuingia. Tatizo ni mkono kutoka. Vidole vilikuwa na unyevu, nilipovua glavu vikatoka na kitambaa cha ndani, chote, kama utumbo wa samaki. Kukirudisha — haiwezekani. Nilisimama nje ya baa nikisukuma vidole kimoja kimoja kwa penseli, wazee wakinitazama kupitia kioo na kushauriana. Nimerudi nyumbani mkono mmoja una vidole vitano na mwingine una vitatu na kifundo.

Jumapili, 26 Novemba

Mama alipofika tu akachungulia uani.

"Baiskeli iko wapi?"

"Kwa Learco. Breki." Uongo ulitoka wenyewe, laini, hata sikuusukuma. (Iko ofisini. Niliiacha makusudi.)

"Na mifuko yangu?"

"Joto la ajabu, Mama."

Hilo si uongo. Ndilo baya zaidi. Alifurahi mpaka akaniongezea mchuzi.

Alipoondoka, Nives alikuwa anaosha vyombo, mimi nakausha.

"Unajua amekata joho la baba?"

"Joho lipi?"

"Lile. Amelikata kwa ajili ya mifuko yako."

Joho la mzee Werther! Lile zito jeusi la kuzungushia mabegani, alilokuwa akivaa kwenda kukagua mifereji nyakati za mafuriko. Tangu afe limening'inia nyuma ya mlango wa Mama. Mara moja niliuliza kama naweza kulijaribu, nikaangaliwa kama mwizi. Nondo wenyewe hawakuthubutu.

Nives akasema mama yake alifikiri sana. Mwishowe akasema: lilimkinga mwanamume mmoja na mvua, kuning'inia tu halimkingi mtu. Likamkinge na mwingine.

Akaniuliza kwa nini macho yangu yamelowa. Nikasema sabuni. Akanikumbusha kwamba aliyeshika sabuni ni yeye.

Jumatatu, 27 Novemba

Nilikuwa mlangoni kwa Learco kabla hajafungua.

"Nimempa Ornella," akasema. "Yule mjane wa barabara ya makaburini, fundi wa kurekebisha nguo. Vidole vinampasuka kila msimu wa baridi. Wewe si ulisema mwenye haja?"

Nilisema. Nani atabisha kwamba hana haja?

Nikaenda. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta, nyeusi, ya kike, sawasawa na yangu, na mifuko imekaa pale kama imezaliwa nayo. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Ornella akatoka kabla sijagonga.

"Bwana Ermes! Learco kaniambia ni wewe. Ingia, ingia, usisimame kwenye unyevu!"

Akanipa kahawa na keki ya chokoleti ya Krismasi, ya kwanza mwaka huu. Akanionyesha vidole. Nyufa zimeanza kufunga. "Wiki hii nimeshika sindano bila kulia," akasema.

Nikanywa kahawa. Nikala keki. Nikala na kipande cha pili. Nikaaga.

Jumamosi, 2 Desemba

Jozi ya nne, na hii nimeipata! Vidole vinakaa viwili viwili, kama makucha ya kaa. Vinapashana joto na breki unaihisi. Maji hayaingii, kitambaa cha ndani kimeshonwa imara. Tiziana alipiga kelele ofisi nzima: "Kaa wa mfereji!" Lakini safari hii nimechagua vizuri.

Furaha ilidumu mpaka nilipofikiri: za namna hii nimpe Ornella, anirudishie mifuko. Nikanunua nyingine za saizi yake, nikazipeleka.

Akazivaa, akafungua na kufunga makucha, akacheka mpaka akakaa chini. "Nipite nazo sokoni hivi? Wateja watanikimbia, Bwana Ermes! Hapana, mimi nimeridhika na zawadi yako. Sufu kama hii siku hizi haipatikani."

Nilifungua mdomo. Nikamwambia bomba lake la maji ya mvua limelegea. Nikapanda ngazi nikalikaza. Saa nzima nilikuwa juu ya ngazi ya mjane, nikikaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea sana.

Jumapili, 3 Desemba

Mama kaja. Alimpakulia Nives cappellacci za kujaa sahani. Mimi nne.

"Umenenepa," akasema.

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia samaki wa juzi.

"Baiskeli bado iko kwa Learco?"

"Bado, Mama. Breki."

"Hizo breki zina mambo mengi."

Hakunipa shavu wakati wa kuaga. Amejua! Nilifikiri: amejua habari ya joho. Kumbe.

Jumatano, 6 Desemba

Nives amerudi kutoka kazini, hakuvua koti. Alisimama nalo jikoni.

"Mama ameiona baiskeli yako."

"Wapi?"

"Unaniuliza mimi wapi!"

Hapa mjini hatuulizani fulani yuko wapi. Tunaangalia kuta. Baiskeli ya kinyozi ikiwa nje ya baa, kinyozi yuko ndani. Ya daktari ikiwa kwa fulani, fulani anaumwa. Na Mama Iole kila alasiri hupita barabara ile kwenda Certosa, kwenye kaburi la mumewe. Alasiri baada ya alasiri ameiona ukutani kwa Ornella: baiskeli nyeusi, ya kike, na mifuko aliyoishona kwa mikono yake. Juzi Jumamosi amenikuta na mimi mwenyewe, juu ya ngazi.

Nikacheka. Nisamehewe — nilicheka kwa kushusha pumzi. Nives hakucheka.

"Si baiskeli yangu," nikasema.

"Ya nani?"

"Yake."

"Na mifuko?"

Hapo nikanyamaza. Nilijisikia nikinyamaza, kimya kilekile cha mwanamume mwenye mwanamke mtaa wa pili. Kwa sababu nikijisafisha na habari ya Ornella, lazima niseme habari ya joho. Na nikapima! Nilisimama jikoni kwangu nikapima lipi litakuwa jepesi. Naona haya hata kuliandika.

"Sina mwanamke, Nives."

"Najua. Huwezi kuchagua glavu, utaweza mwanamke?" Lakini koti bado hakuvua. "Kuna kitu. Sema."

Nikamwambia nitasema, ila mtu wa kwanza kuambiwa ni mama yake. Akaniangalia sana. Akavua koti, akaanza kumenya viazi, akiwa amenipa mgongo.

Ijumaa, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Kengele, mvua nyembamba. Naandika hapa hapa jikoni kwa Mama Iole, yeye yuko chumbani anatafuta viatu vyake vya mpira. Nataka niandike kabla sijaanza kujitengenezea maneno mazuri zaidi.

Alinifungulia bila salamu. Nyuma ya mlango msumari mtupu. Juu ya meza alikuwa amekunjua kitambaa cheusi — kilichobaki cha joho, kipande cha kutosha mtoto.

Nikasema yote. Ofisi, kicheko, Learco, "mpe mwenye haja". Breki za uongo. Kahawa kwa Ornella, keki, makucha ya kaa, bomba. Sikuruka kitu, hata kipande cha pili cha keki. Alisikiliza akiwa amesimama, kiganja juu ya kile kitambaa.

"Kwa hiyo huna mwanamke."

"Sina, Mama."

"Bora ungekuwa naye. Mwanamke ningemfukuza."

"Sikujua ni joho la Mzee," nikasema. "Naapa, sikujua."

"Ulijua ni mikono yangu."

Hakupandisha sauti. Aliviangalia vidole vyake, mimi nikaviangalia pia. Viwili kwenye mkono wa kulia vimefungwa plasta. Nilikuwa nimeviona Jumapili ile, alipokuwa anafunga kamba uani. Niliviona na plasta zake, na keshokutwa yake nikapita kwa Learco.

Nikamwambia naweza kwenda kwa Ornella sasa hivi, nimweleze, nirudi nayo.

"Umvue mjane mikono wakati wa baridi? Hicho ndicho ulichojifunza?"

"Basi nifanye nini, Mama?"

Akafikiri. Akaketi, akavuta kitambaa karibu, akanishika kifundo cha mkono. Nilidhani ananipima. Pengine alianza kunipima. Halafu akaniachia.

"Mimi nilikata tu. Mwenye joho yuko Certosa. Nenda ukamwambie yeye."

"Nimwambie…"

"Kama ulivyoniambia mimi. Na kwa sauti, alikuwa mzito wa masikio. Mimi nitasimama pembeni nisikilize kama umeruka kitu."

Ndiyo maana anatafuta viatu. Nimemwambia mvua inaongezeka, twende kesho. Amejibu kutoka chumbani kwamba Werther hakuwahi kuahirisha mfereji kwa sababu ya mvua. Tutapita mbele ya nyumba ya Ornella, hakuna njia nyingine, na leo ni sikukuu, atakuwa dirishani. Sijui Mama atasimama au atapita. Sijui hata mimi nataka lipi.

Kitambaa bado kiko mezani. Hajakikunja akakirudisha kabatini. Sindano iko pale pembeni, uzi haujatiwa.

Ananiita. Yuko nje tayari, ananiita kwa jina langu kamili, na jirani amefungua dirisha. Naenda.