Mchapishaji Hajulikani

Mwenzio nimekwisha. Usinipigie, siwezi kuongea, soma tu.

Unaikumbuka ile brauza ya kuficha nyendo, ile tunayoitengenezea kazini faili la kuinstoli kwenye Windows? Juzi nilimtumia mdogo wangu. Nikamwambia mtafute wakili wa talaka humo, mumeo hatajua umefungua nini.

Hakuinstoli.

Nakwambia HAKUINSTOLI! Alibofya, Windows ikamtolea onyo: "Mchapishaji hajulikani." Akaogopa, akalifuta. Wakili akamtafuta kwenye brauza ya kila siku, ile wanayotumia wote wawili. Leo shemeji kafungua kompyuta, kakuta kila kitu.

Kawachukua watoto, kaondoka nao. Simu hapokei.

Ndiyo kwanza natoka kwa mdogo wangu. Nimemkuta kakaa sakafuni chumbani kwa watoto, anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Namuuliza, kwa nini hukuniuliza? Ananiambia, "Si wewe uliyenikataza kufungua kitu kisichojulikana kimetoka kwa nani?"

Kweli nilimkataza. Tena kwa ukali!

Na wenzangu kazini walisema tuweke saini yenye jina letu kwenye faili, Windows ituamini, isitoe onyo. Mimi ndiye niliyebisha. Kazi yetu kuficha watu, halafu sisi wenyewe tujianike? Wakacheka, wakakubali. Nikajiona mjanja kweli.

Nikamwambia, huyo asiyejulikana ni mimi.

Akaacha kukunja. Hata hakukasirika, bora angekasirika.

"Ungeandika hata 'dada' tu," akasema, "ningefungua."