Uvimbe Nilioupunguza kwa Kalamu

Mpendwa Bi Mahbuba,

Naomba msaada wa safu yako ya gazetini, na ukitaka kucheka cheka kabisa mwanzo umalize, kwani hata mimi nilikuwa mtu wa mzaha mpaka juzi, sasa meno yananigongana. Mie mzee wa miaka sitini na saba, mtu wa Unguja, nalikuja Maskati baada ya mambo yale ya sitini na nne. Skuli nalisoma mpaka darasa la tatu, maalim akafa, nami nikaona Mungu kanipa rukhsa. Lakini huku mtaani kwetu darasa la tatu ni mlima, basi barua zote za kwenda kwa Wazungu naziandika mimi, watu wananiita Maalim, nami naitika.

Nna dada yangu tumbo moja, Mahfoudha, mjane, kaota uvimbe shingoni. Matrah, mji wa ng'ambo ya kilima, yuko daktari Mwingereza, lakini Mahfoudha kasema, "Kaka, shingo yangu kaiona marehemu mume wangu, basi. Andika barua, nitamngoja daktari mwanamke." Huyo daktari mwanamke huja mara mojamoja, na Mwingereza huzisoma barua akachagua nani aonwe mbele.

Nikakaa na kamusi yangu isiyo jalada. Wewe unatujua, Bi Mahbuba, kwetu ugonjwa haukuzwi kwa mdomo. Mtu ana homa ya kumtoa roho, ukimuuliza atakwambia "kidogo tu, alhamdulillahi". Marehemu mama alikuwa na jipu kama dafu akaliita kipele mpaka tukamzika nacho. Na Mahfoudha kakaa mbele yangu, kashika ushungi, ananong'ona, "Usiutaje ukubwa wake, Kaka, uvimbe utasikia." Basi nikapekua. Small nikaliona bado lina mwili. Little, afadhali. Mwisho nikaandika tiny, neno la kuitia kitoto cha paka, nikapiga na sahihi yangu yenye mkia.

Jibu likaja: kwa kuwa ni kidogo hivyo, mama angoje mpaka baada ya Idi, wenye makubwa waonwe kwanza. Nikamsomea dada, akafurahi, akanipikia na vitumbua.

Bi Mahbuba, uvimbe haukuwa mdogo hata siku ile. Ulikuwa ndimu. Leo ni chungwa. Juzi kwenye futari tende ilimkwama, mke wangu Masouda akampiga mgongoni, na ilipopita nikasikia pumzi za dada yangu zinapiga mluzi kama birika. Akanitazama, machozi yanamtoka, akaniuliza, "Kaka, yule daktari ulimwandikia sawasawa?" Nikasema, "Kiingereza cha mfalme, Mahfoudha." Tangu hapo mie silali, nautegea sikio huo mluzi. Ukinyamaza kidogo tu, moyo wangu nao unanyamaza.

Nataka kuandika barua ya pili, lakini kwa neno gani? Big ni neno la watoto, atanidharau. Large nililiona ndani ya kola ya shati. Great wanaitwa wafalme. Huge linatoka kooni kama mtu anayekabwa, sina moyo wa kuliandika juu ya koo la dada yangu. Enormous lenyewe limevimba. Na nikiandika kubwa mno, je, atamkata siku hiyohiyo afe? Nikiandika kubwa kidogo, angoje afe? Na uvimbe ukisikia nimeutaja? Na nikikiri, watu wajue kuwa Maalim karibu amuue dada yake kwa herufi nne? Kalamu ninayo mkononi siku ya tatu, wino umekauka. Nnaogopa, Bi Mahbuba. Nichagulie neno.

Mie,
Maalim wa Uongo
Maskati, 9 Ramadhani

*

Maalim,

Nilicheka kwenye kitoto cha paka, kisha nikafika kwenye mluzi nikaiweka barua chini.

Barua yako imenifikia leo ikiwa na siku kumi na moja njiani. Siku kumi na moja! Daktari yuko Matrah, kilima kimoja tu, wewe ukaniandikia mimi wa Mombasa. Woga wako husafiri mbali ili usiende karibu. Kwa hiyo sikungoja gazeti, nimekupelekea telegramu kwa anwani ya nyuma ya bahasha, na haya ni maelezo yake.

Hakuna neno nitakalokuchagulia. Umelichezea neno moja, latosha. Chukua uzi mweusi wa kushonea. Mzungushie Masouda shingoni, ukate pale ncha zinapokutana. Mwambie Masouda amzungushie Mahfoudha, akate vilevile. Fungua kinywa hapohapo, mwambie Mahfoudha: "Dada, nilimdanganya daktari, na juzi nikakudanganya wewe." Akikutupia birika, inama, lakini sema. Shingo ni yake, hawezi kuamua juu ya jambo alilofichwa.

Halafu nendeni wote watatu, leo, msingoje jibu wala Idi. Suala la kuonwa na mwanamume, muulizeni kadhi yeyote, atawaambia mtu anayekosa pumzi ana rukhsa yake, na Masouda atakaa pembeni kamshika mkono. Mkiambiwa mlangoni kwamba jina lake liko chini kabisa, weka nyuzi mbili juu ya meza ya daktari, sambamba, aone mwenyewe mmoja ulivyouzidi mwingine. Usiseme kitu. Najua itakuuma.

Unaogopa atakatwa. Huenda akakatwa kweli, wala sitakuficha, mimi si wewe. Lakini kisu cha mtu aliyekwisha kuona anakata nini sikiogopi kama ninavyoiogopa huruma yako. Na kuhusu uvimbe kusikia: haukusikia tiny, ukakua. Hauna masikio, baba. Mwenye masikio ni daktari, nawe ndiye uliyeyaziba.

Usiniandikie "hajambo kidogo, alhamdulillahi". Sitaamini. Mahfoudha akirudi nyumbani, nitumie uzi wa tatu, wa shingo yake mpya, ndani ya bahasha, nitaujaribu shingoni mwangu.

Bi Mahbuba