Mjomba na Vidanji ya Kartie Nzima

Bi Thuwaiba mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na jina langu ulifiche kabisa, kwa sababu hapa Buyenzi mtu akipiga chafya avenue ya tano, avenue ya kumi na tano wanamwambia pole.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwezi wa saba, na sasa kartie yetu, yaani mtaa wetu, inachagua wakuu wake kwa kura, na redioni walisema tusimchague mtu kwa sababu ya kofia aliyotugawia, tulinganishe kwanza anachosema, basi mimi nikaona nitalinganisha wagombea wetu wawili juu ya mazingira, maana siku za risasi hakuna aliyeuliza habari ya mitaro na sasa mitaro yenyewe imeziba. Mgombea wa kwanza ni Mjomba Hamimu, kaka yake mama, mwenye gereji, ambaye ndiye amenilea na kunisomesha, na wa pili ni Mwalimu Ilias, aliyestaafu. Mimi ni mwenye haya sana, Bi Thuwaiba, siwezi kumuuliza mtu mzima maswali usoni, hata huyo mjomba ninayekula naye, kwa hiyo niliandika maswali matatu kwenye karatasi mbili, bila jina langu, nikamtuma mtoto ampelekee kila mmoja yake ajibu, asiseme zimetoka kwa nani.

Juu ya miti, mjomba aliandika, "Mti tutapanda wapi, na gari zitageukia wapi?" Mwalimu akaandika kwamba atapanda miti ishirini na kila mti ataupa jina la mwanafunzi wake aliyeshindwa hesabu. Juu ya mifuko ya plastiki, wote wawili waliandika kwamba ni mibaya sana, na majibu yao yakanifikia ndani ya mifuko ya plastiki. Swali la tatu lilikuwa, "Utafanya nini na vidanji?" na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kwetu vidanji ni mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini, lakini vidanji ni pia ile kazi ya kutapisha choo kilichojaa, na uchafu wenyewe unaotolewa humo, na mjomba, kwa kuwa ni fundi, alifikiria injini, na mwalimu, kwa kuwa choo chake kimejaa tangu Idi, alifikiria choo.

Nikayanakili majibu yao safi kwa kalamu nyekundu na ya bluu, nikaibandika karatasi kwenye ukuta wa robine ambako watu wanangoja maji, bila jina langu. Upande wa Ilias palisomeka: ataleta lori la kuvuta vidanji ya vyoo vyote na kuipeleka mbali. Upande wa Hamimu: hatapoteza hata tone, atapita nyumba kwa nyumba kukusanya vidanji ya kila mtu kwenye mapipa, ataichuja kwa mkono wake mwenyewe, kisha atawauzia maseremala wapake mbao.

Kufika adhuhuri kartie yote ilikuwa imesoma. Mjomba akipita wanawake wanapaza sauti, "Patron Hamimu! Leta pipa, kwetu imejaa!" Mzee Mohamadi alikuja gerejini na kusema, "Hamimu, ndiyo maana kile kitanda nilinunua kwa seremala wako kinanuka?" Mjomba akamjibu, "Mzee, vidanji ni mali!" na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Aliyecheka zaidi ni Mama Daphrose, anayekaanga maandazi mbele ya gereji, na kwa kuwa anamuunga mkono mwalimu, mjomba ameamua kwamba ni yeye aliyebandika ile karatasi. Amemwambia, "We mama, Ijumaa nisikuone hapa, wewe na karai yako." Mama Daphrose akaapa, "Apana, Patron, mi hata kuandika sijui!" lakini mjomba hasikii, na pale ndipo mahali pake pa kazi kwa miaka tisa, hana pengine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na andazi lake mdomoni, nikaendelea kutafuna.

Kosa ni la neno, Bi Thuwaiba, si langu, neno moja lina maana mbili. Ni kweli sikuandika kwamba mtaro wa nyuma ya gereji ya mjomba ni mweusi tangu nikiwa mdogo na kwamba hapo hakuna pipa hata moja, lakini hilo si msimamo, nami nilikuwa nalinganisha misimamo tu. Nifanye nini?

Mwenye haya, Buyenzi

*

Binti yangu mwenye haya,

Nimecheka, nisikudanganye. Nimesoma barua yako jikoni na wali umeungua. Kisha nimefika kwa Mama Daphrose na kicheko kikaisha.

Wewe si mwovu. Umefanya kazi ambayo watu wazima wenye ofisi hawakuifanya, kwa kalamu mbili. Lakini acha kulisingizia neno. Mtu asiyejua kuandika anafukuzwa kwa maandishi yako, nawe unatafuna andazi lake! Hiyo si haya, huo ni uoga, na haya isibebeshwe mzigo usio wake.

Halafu huo mtaro. Unasema si msimamo. Mwanangu, mtu akikuambia hatapoteza hata tone, na nyuma yake matone yanatiririka tangu ukiwa mdogo, msimamo wake ni upi? Ulijua, ukaruka mstari, kwa sababu anayemwaga ni mjomba. Ukitaka kulinganisha wagombea, ndugu yako mpime kwa kipimo kilekile.

Leo, kabla hajala, mwambie: "Mjomba, karatasi ile ni yangu." Ulimi ukikataa, iandike hiyo sentensi na umpe mkononi, kuandika unaweza. Atafoka. Mwache afoke, wewe usiondoke. Akitulia mwombe aende kwa Mama Daphrose kwa miguu yake, nawe uwe nyuma yake. Kesho bandika karatasi ya pili, yenye jina lako: vidanji ya injini mstari wake, vidanji ya choo mstari wake, kila mgombea ajibu yote mawili. Chini uongeze swali: leo hii, yako inakwenda wapi? Mwalimu naye aulizwe, choo kilichojaa tangu Idi nacho kina habari zake. Mjomba akiweka pipa moja tu kabla ya kura, nani atamcheka tena?

Nami nina langu la kukiri. Gari langu linabadilishwa mafuta huko kwenu, gerejini kwa mjomba wako, mwaka wa sita sasa, na sijawahi kuuliza yale machafu yanamwagwa wapi. Jumamosi nitakuja kuuliza. Nitaanzia kwa maandazi, mbele ya gereji, na huyo mama nataka nimkute.

Bi Thuwaiba